Mwamba Ngoma Huivuta Kwake: Uaminifu wa Fanani katika Filamu ya Zimna wojna

Utangulizi

Filamu ya Zimna wojna, yaani Vita Baridi, iliyoelekezwa na Paweł Pawlikowski na kumpatia tuzo ya mwelekezi bora katika tamasha la Cannes mwaka wa 2018, imezoeleka kusomwa kama hadithi ya mapenzi. Usomaji huo una msingi. Wiktor, mpigaji piano na mtunzi wa muziki, anakutana na Zula, mwimbaji kijana, nchini Polandi mwaka wa 1949. Wanapendana, wanatenganishwa na mipaka ya nchi, wanatafutana, wanagombana, na hatimaye wanaoana kwa namna yao wenyewe na kufa pamoja mwaka wa 1964. Mwelekezi ameitabaruku kazi hii kwa wazazi wake, ambao majina yao ndiyo waliyopewa wahusika wakuu wawili. Mtazamaji anayekomea hapo huondoka na msiba wa wapendanao walioangamizwa na utawala dhalimu upande mmoja, na ukiwa wa uhamishoni upande wa pili.

Makala haya yanapendekeza usomaji mwingine. Yanadai kwamba swali kuu la filamu halihusu iwapo Wiktor na Zula wanaaminiana. Linahusu iwapo fanani anayetembea na wimbo wa watu wengine anaweza kubaki mwaminifu kwa wenye wimbo. Katika kazi hii kuna usaliti unaotajwa kwa jina na usaliti usiotajwa. Ule unaotajwa, wa Zula kupeleka habari za Wiktor kwa wakubwa, ndio ulio mdogo. Ule usiotajwa unatendewa wimbo. Huo unatangulia, na ndio unaoueleza ule mwingine. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma huivuta kwake. Zimna wojna inaonyesha ngozi moja ikivutwa na waambaji wengi, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye mlinzi wake.

Ingawa ni kazi ya filamu, inamhusu mwanafunzi wa fasihi simulizi kuliko tamthilia nyingi zilizoandikwa vitabuni. Inaanza na ukusanyaji wa nyimbo vijijini, inapitia uteuzi wa waimbaji, utunzi upya, jukwaa la taifa, safari za nje na hatimaye sahani ya santuri. Ni historia nzima ya wimbo wa jadi katika karne ya 20, iliyobanwa katika muda usiofikia saa moja na nusu.

Kikundi na Mwenye Kikundi

Kikundi cha Mazurek kinachosimuliwa katika filamu ni cha kubuni, lakini kina mfano wake katika historia. Mwaka wa 1948 serikali ya Polandi iliunda kikundi cha nyimbo na ngoma cha Mazowsze, kikawekwa Karolin, karibu na Warsaw, chini ya mtunzi wa muziki Tadeusz Sygietyński na mkewe Mira Zimińska, aliyekuwa mwigizaji mashuhuri wa majukwaa ya Warsaw kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Onyesho lake la kwanza lilifanyika mwezi wa Novemba 1950. Sygietyński alifariki mwaka wa 1955, na Zimińska akaendelea kukiongoza hadi kifo chake mwaka wa 1997. Kikundi hicho kilizunguka nchi nyingi za ulimwengu kikiwa uso wa Polandi.

Wakati wenyewe una umuhimu. Mwaka wa 1949, ambao filamu inauchagua kuwa mwanzo wake, ndio mwaka ambao uhalisia wa kijamaa ulitangazwa kuwa njia rasmi ya sanaa nchini humo, na waandishi waliarifiwa hivyo katika mkutano wao wa Szczecin mwezi wa Januari. Serikali mpya iliyoletwa na ushindi wa jeshi la Sovieti ilihitaji kuonekana kuwa ni ya wananchi. Wimbo wa mkulima ulikuwa na sifa ambayo hotuba haikuwa nayo: ulikuwa wa kale kuliko serikali hiyo. Aliyeweza kuuimba jukwaani aliazima ukale huo na kuufanya kibali chake. Kwa hiyo kikundi kilikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza. Kabla hajatokea mtu wa kukiharibu, mwenye mali alikuwa amekwisha kulipia mavazi, nyumba na chakula.

Mtazamaji asiyeizingatia hali hii huweza kudhani kwamba Mazurek kilianza kikiwa safi kisha kikachafuliwa na siasa. Filamu haisemi hivyo. Katika gari la kwanza kabisa linalokwenda vijijini wamo watu watatu: Wiktor, Irena, mwenzake katika utafiti na mafunzo, na Kaczmarek, msimamizi anayewakilisha wenye madaraka. Muziki, elimu na serikali vimepanda gari moja.

Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Filamu inafunguliwa na watu ambao hawataonekana tena. Wanakijiji wanasimama katika baridi mbele ya nyumba zao, wanaitazama kamera ana kwa ana, wanapuliza zumari ya mfuko wa ngozi, wanapiga fidla na kuimba. Sauti zao ni kavu na zimekazwa kooni. Hakuna anayetabasamu na hakuna anayewapigia makofi. Wiktor na Irena wanazinasa nyimbo hizo kwa mashine. Kaczmarek anauliza iwapo muziki huu si wa kishamba mno, maana kwao kila mlevi huimba namna hiyo. Inapochezwa sauti ya mwanamke anayeimba kwa lugha ya Kilemko, Kaczmarek anasikitika kwamba wimbo mzuri kiasi hicho si wa kwao.

Neno hilo la Kaczmarek ni fupi, lakini lina mzigo mkubwa wa historia. Mwaka wa 1947, miaka miwili tu kabla ya tukio hili, serikali ya Polandi iliwahamisha kwa nguvu Waukraine na Walemko wapatao 140,000 kutoka kusini-mashariki mwa nchi na kuwatawanya katika maeneo ya magharibi na kaskazini. Filamu hailielezi jambo hili. Inamwachia mtazamaji asikie sauti ya mtu ambaye huenda kijiji chake hakipo tena, halafu amsikie afisa akiupima wimbo huo kwa kigezo cha "wetu" na "si wetu". Hapo ndipo mvuto wa kwanza wa ngozi unapoonekana: wimbo haujaguswa, haujapangwa wala kuvishwa mavazi, na tayari umeulizwa uraia wake.

Wataalamu wa fasihi simulizi hufundisha kwamba utungo simulizi haukamiliki bila fanani, hadhira na muktadha wa uwasilishaji. Mashine ya kunasia sauti huuchukua utungo na kuviacha vitu hivyo vitatu nyuma. Pawlikowski anaonyesha upotevu huu kwa njia ya kimya. Wanakijiji hawapewi majina. Haielezwi wimbo huimbwa lini, kwa ajili ya arusi au matanga, wala ni nani hukatazwa kuuimba. Miongoni mwao yumo msichana anayeimba peke yake, bila ala, wimbo wa mioyo miwili isiyoweza kuwa pamoja, uitwao Dwa serduszka. Wimbo huu utarudi mara kadhaa, na kila urudipo, msichana huyo atakuwa mbali zaidi.

Uteuzi wa waimbaji unaongeza kinaya. Vijana wanaletwa kwa lori hadi nyumba kuukuu ya kifahari, wanapangwa foleni na kuimbishwa. Zula si mtoto wa kijijini; anajifanya tu. Wimbo wa jadi anaouimba anajifunza papo hapo kutoka kwa msichana aliye kando yake, na anapotakiwa kuimba peke yake anachagua wimbo wa filamu ya Kirusi. Irena anamtahadharisha Wiktor kwamba huyu ni mlaghai na kwamba anatumikia kifungo cha nje kwa kumshambulia baba yake kwa kisu. Wiktor anamchagua hata hivyo. Basi, sauti itakayopelekwa duniani kama sauti ya kijiji cha Polandi ni ya msichana ambaye kijiji amekisikia tu.

Ni rahisi kumhukumu Zula hapa. Lakini ikumbukwe kwamba uongo wake ni wa mtu anayetafuta mahali pa kulala na sababu ya kutorudi kwao, nao haudumu hata siku mbili kabla ya kujulikana. Uongo wa kikundi chenyewe ndio utakaodumu miaka mingi na kupigiwa makofi.

Kimya cha Wiktor

Tukio ambalo makala haya yanalihesabu kuwa kitovu cha filamu halina mapenzi wala muziki. Baada ya onyesho la Warsaw mwaka wa 1951 kufana, afisa wa serikali anawaita viongozi wa kikundi. Anawasifu, kisha anapendekeza kwamba waongeze nyimbo zinazohusu mageuzi ya ardhi, amani ya dunia na kiongozi wa wafanyakazi wa ulimwengu. Irena anajibu kwa adabu kwamba kikundi chao kimejengwa juu ya sanaa halisi ya wanakijiji, na wanakijiji hawaimbi kuhusu mageuzi, amani wala viongozi. Kaczmarek anaingilia mara moja: wananchi si wajinga, wakipewa ruhusa na mwongozo wataimba. Wiktor yupo chumbani humo. Hasemi neno.

Kimya hicho ndicho usaliti wa kwanza katika filamu, nao unatendwa na mhusika ambaye watazamaji wengi humwona kuwa ndiye aliyesalitiwa. Wiktor ana elimu, ana cheo, na anazijua nyimbo zile kuliko yeyote chumbani isipokuwa Irena. Angesema, huenda kusingebadilika kitu. Filamu haitoi matumaini ya bure. Hata hivyo, uaminifu haupimwi kwa matokeo peke yake. Irena anayapima maneno yake, anayasema, kisha anatoweka katika kikundi na katika filamu. Wiktor ananyamaza na kubaki na fimbo ya kuongozea kwaya. Tukio linalofuata ni la waimbaji wale wale, katika mavazi yale yale ya kijijini, wakimwimbia Stalin huku picha yake kubwa ikipandishwa nyuma yao.

Pawlikowski hamfanyi Kaczmarek kuwa shetani, na hili ni jambo la kusifiwa. Kaczmarek ni mtu wa kawaida anayejua upepo unakovuma. Hoja yake hata ina ukweli wa nusu: nyimbo za jadi hubadilika, na wanakijiji wamekuwa wakitunga kuhusu wakubwa wao tangu zamani. Kosa lake liko katika neno "mwongozo". Anachukulia kwamba wimbo ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Wiktor hakubaliani naye moyoni, lakini kimya chake kinamfanya kuwa mshirika. Mtu anayejua thamani ya kitu na kukiacha kichukuliwe ana lawama kuliko yule asiyeijua.

Ukiri wa Zula

Baada ya kimya hicho ndipo usaliti wa Zula unapaswa kusomwa. Wakiwa wamelala nyasini karibu na mto, Zula anamwambia Wiktor mwenyewe kwamba anampelekea Kaczmarek habari zake. Kila juma anaulizwa maswali: alifanya nini wakati wa vita, anasikiliza idhaa gani, anamwamini Mungu? Zula anaeleza kwamba hakuwa na hiari, kwa kuwa yu katika kifungo cha nje, na kwamba husema yale tu yasiyoweza kumdhuru. Wiktor anainuka na kuondoka. Zula anajitupa mtoni akiwa na nguo zake na kuelea akiimba.

Linganisha vitendo hivi viwili. Zula anashurutishwa, Wiktor hakushurutishwa. Zula anakiri kwa hiari yake bila kukamatwa. Wiktor hakiri lolote kamwe. Zula anaficha yale yenye madhara na kutoa makapi. Wiktor ameachilia kitu chenyewe kizima. Lakini anayegeuza mgongo kwa hasira ni Wiktor, kana kwamba yeye ni mtu safi. Mwelekezi haongezi maelezo yoyote. Kuelea kwa Zula majini, uso wake ukiwa juu na sauti yake ikisikika, ni taswira ya mtu ambaye hana nchi kavu ya kukanyaga ila bado ana wimbo.

Mwaka wa 1952 kikundi kinakwenda Berlin Mashariki. Wiktor amepanga watoroke pamoja. Anamngoja Zula karibu na mpaka. Zula yuko katika karamu ya kikundi na haendi. Wiktor anavuka peke yake. Baadaye, wakikutana Paris mwaka wa 1954, Zula anaeleza kwamba alijihisi hafai kulinganishwa naye huko aendako. Wengi wamelichukua jibu hilo kuwa udhaifu wa mwanamke asiyejiamini. Laweza pia kuchukuliwa kuwa utambuzi. Zula alijua kwamba ng'ambo ya mpaka angekuwa tena mtu wa kuonyeshwa, akitegemea mtu mmoja badala ya serikali. Yanayotokea Paris yanathibitisha hofu hiyo.

Paris na Bwana wa Pili

Sehemu ya Paris, mwaka wa 1957, ndiyo inayoizuia filamu kuwa propaganda ya upande mmoja. Zula amefika kihalali kwa kuolewa na Mwitaliano. Wiktor anapiga jazi klabuni na kutunga muziki wa filamu. Hakuna afisa, hakuna picha ya kiongozi, hakuna maswali ya kila juma. Inatarajiwa kwamba hapa wimbo utakuwa huru.

Kinyume chake, ngozi inavutwa upya. Dwa serduszka, ambao tayari umekuwa wimbo wa kwaya yenye mavazi, sasa unaimbwa na Zula kwa mtindo wa jazi, chini ya taa hafifu, kwa watu wanaokunywa mvinyo. Ni uwasilishaji mzuri mno, na uzuri huo ndio mtego. Kisha Wiktor anataka sahani ya santuri kwa Kifaransa, na maneno yanatafsiriwa na Juliette, mshairi aliyewahi kuwa mpenzi wake. Zula analalamika kwamba tafsiri haina maana. Hasa inamkera jazanda ya timazi iliyoua wakati. Wiktor anamweleza kwamba ni sitiari. Jibu hilo ni la mwalimu aliyeacha kusikiliza. Zula haombi kufunzwa sitiari. Anasema kwamba haoni katika maneno hayo kitu anachoweza kukiimba kwa ukweli.

Jambo la pili ni zito zaidi. Zula anagundua kwamba Wiktor amewasimulia marafiki zake wa Paris habari za maisha yake, akazitia chumvi, mpaka ikawa alimuua baba yake. Anapomuuliza, Wiktor anasema alitaka kumpa rangi kidogo, kwani ndivyo wafanyavyo wote huko. Hapa mzunguko unakamilika. Kaczmarek alimvisha Zula mavazi ya mkulima ili apendeze mbele ya wakubwa wa Warsaw. Wiktor anamvisha jinai ili apendeze mbele ya wasanii wa Paris. Upande mmoja ulitaka mwananchi safi, upande wa pili unataka mshenzi wa kuvutia. Hakuna upande uliomtaka Zula.

Sahani inapokuwa tayari, Wiktor anaiita mtoto wao wa kwanza. Zula anaiita mwanaharamu na kuitupa majini. Kabla ya hapo kuna tukio moja ambapo anaonekana ana furaha isiyo na deni: anaposikia Rock Around the Clock klabuni, anaruka, anacheza na kila mtu, mwishowe anapanda juu ya meza ya baa. Muziki huo si wa kijiji chake, si wa taifa lake, si wa mpenzi wake. Labda ndiyo sababu unamwachilia. Muda mfupi baadaye anarudi Polandi.

Kurudi kwa Wiktor nyumbani kunafunga hesabu. Anapomwendea balozi mdogo wa Polandi mjini Paris kuomba ruhusa, anaambiwa kwamba aliwaacha vijana aliowafundisha na kwamba kuna njia ya kutubu: anawajua watu wengi. Kwa maneno mengine, anaombwa kile kile alichoombwa Zula katika ofisi ya Kaczmarek. Filamu haionyeshi alijibu nini. Mwaka wa 1959 yuko kambini, amehukumiwa miaka 15 kwa kuvuka mpaka na kwa ujasusi, na vidole vyake vimeharibiwa. Hatapiga piano tena. Ili atolewe, Zula anaolewa na Kaczmarek na kumzalia mtoto, na mwaka wa 1964 anaimba nyimbo za mtindo wa Amerika ya Kusini akiwa amevaa nywele bandia nyeusi. Anaposhuka jukwaani amelewa. Wimbo wa kijiji umetoweka kabisa katika midomo yake.

Fani: Mapengo na Kioo Chembamba

Msuko wa filamu hii umejengwa kwa mapengo. Kila kipindi kinakatwa kwa giza, kisha jina la mahali na mwaka mpya vinatokea: 1952, 1954, 1955, 1957, 1959, 1964. Maamuzi makubwa yote yamo ndani ya giza hilo. Mtazamaji haoni Zula akiamua kuolewa na Kaczmarek. Haoni Wiktor akivuka kurudi. Anaona tu matokeo, na mara nyingi anayaona jukwaani au karibu na jukwaa. Mbinu hii imesifiwa kwa ufupi wake, lakini ina maana zaidi ya ufupi. Inamweka mtazamaji katika nafasi ya hadhira ya msanii anayesafiri: hadhira humwona usiku mmoja, hupiga makofi, na haijui kilichomleta wala kinachomngoja.

Picha nyeusi na nyeupe za Łukasz Żal, zilizobanwa katika fremu inayokaribia mraba, zinafanya kazi hiyo hiyo. Katika karamu ya kusherehekea onyesho, Wiktor na Irena wanasimama huku umati ukionekana nyuma yao, mpaka inatambulika kwamba umati huo ni taswira iliyo katika kioo ukutani. Waliokabili kamera hawajui watazame wapi. Ni jazanda ya wasanii wasiojua tena hadhira yao iko upande gani.

Upungufu

Kazi hii haikosi dosari, na mbili zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni kuondolewa kwa Irena. Mhusika pekee aliyetamka msimamo wa uaminifu kwa wenye wimbo anatolewa bila mtazamaji kuambiwa alilipa nini kwa maneno yake. Kwa kumwacha, filamu inaonekana kukubali kwamba uaminifu hauna hadithi, kwamba usaliti peke yake ndio unaofaa kusimuliwa. Irena aliyefundisha shuleni, aliyenyamazishwa au aliyeendelea kukusanya nyimbo bila mashine ya serikali, angekuwa kipimo cha kuwapimia wenzake wawili. Bila yeye, udhaifu wa Wiktor unapata sura ya majaaliwa, ilhali ulikuwa uchaguzi.

Ya pili inaihusu filamu yenyewe kama tendo. Dwa serduszka haikuokotwa na Pawlikowski katika uwanja wa kijiji. Ni wimbo uliojulikana Polandi kutokana na Mazowsze, yaani tayari ulikuwa umepangwa kwa ajili ya jukwaa la taifa. Filamu imeuchukua kutoka jukwaani, ikauweka katika kinywa cha msichana wa kijijini kana kwamba ndiko ulikoanzia, kisha ikaurudisha jukwaani kwa sauti ya Joanna Kulig na mpangilio wa Marcin Masecki. Kwa hiyo hata "asili" inayoombolezwa imetengenezwa. Je, mwelekezi naye ni mwamba ngoma? Bila shaka. Tofauti yake na Kaczmarek ni kwamba hadai kwamba amemletea mtazamaji kijiji chenyewe. Lakini tofauti hiyo ingekuwa na nguvu zaidi iwapo filamu ingempa mwanakijiji mmoja, japo mara moja, nafasi ya kuusikia wimbo wake ukiimbwa na Mazurek. Nyuso za mwanzo zinatutazama. Hazipewi kamwe nafasi ya kuwatazama waliowachukulia.

Hitimisho

Katika matukio ya mwisho Wiktor na Zula wanashuka kutoka basi katika njia panda na kuingia katika kanisa lililobomoka, lile lile ambalo Kaczmarek aliliingia mwanzoni mwa filamu. Wanaapizana, wanameza vidonge, wanaketi nje wakitazama mashamba. Kisha Zula anapendekeza wahamie upande wa pili, ambako mandhari ni mazuri zaidi. Hakuna ala na hakuna wimbo. Kwa mara ya kwanza hawana hadhira, na kwa mara ya kwanza hakuna anayedanganya. Msomaji wa hadithi ya mapenzi huona hapo ushindi. Kwa usomaji wa makala haya, tukio hilo ni la kusikitisha zaidi: wasanii wawili wamepata uaminifu wao kwa wao pale tu walipoacha usanii wao wote, na deni lao kwa wanakijiji wa mwanzo halijalipwa na halitalipwa.

Filamu ya Zimna wojna inamwachia mkusanyaji na mwasilishaji yeyote wa fasihi simulizi funzo lisilo na faraja. Wimbo hauharibiwi kwa kubadilishwa, kwani nyimbo zote hubadilika. Unaharibiwa pale anayeujua anapokaa chumbani na wanaoutaka kwa haja zao, akasikia bei ikitajwa, asitamke majina ya walioumbia. Irena alitamka, kwa sentensi chache na kwa sauti ya chini. Katika filamu nzima, hayo ndiyo maneno ambayo wanakijiji wale, kama wangeyasikia, wangeweza kuyakubali kuwa ni yao.